Sinia Moja kwa Watu Wawili

"Atakayeumwa tumbo kwangu, mnizike mimi."

Egidi aliyasema hayo kwa kipaza sauti, kwenye harusi ya binti wa kaka yake pale kijijini Mapera, na watu wakampigia makofi kwa sababu walikuwa wamekwisha kula. Wala hakusema uongo. Alikuwa na kahawa ya kumtosha kujivunia na mlango usiofungwa. Ukipita kwake na haraka zako, unatoka baada ya saa mbili, umeshiba na haraka zimekwisha.

Mwaka tisini na tano, makampuni binafsi yalipokwisha kuruhusiwa kununua kahawa, moja likaja kutafuta wakala Mapera. Waliomba wawili: Egidi, na Ignatio, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza. Akapata Ignatio, pamoja na kofia yenye jina la kampuni. Egidi akamwita nyumbani kumpongeza, wakanywa ugimbi, pombe yetu ya kienyeji. Wiki haijaisha, Ignatio yuko kitandani hospitali, tumbo limekaza kama ngoma. Daktari akaandika taifodi. Mapera wakakubali kabisa kwamba ni taifodi, ila wakauliza imetumwa na nani.

Ignatio alipona. Hakumshtaki mtu. Lakini Jumapili, padri aliposema tupeane amani, aliwapa mkono watu wa benchi lao mmoja mmoja, hata mtoto aliyelala, akaishia hatua moja kabla ya Egidi. Ikatosha. Egidi alipoita watu kwenye ngokela, ile kazi yetu ya kusaidiana shamba, walikuja, wakalima vizuri sana, na saa ya kula kila mmoja akatoa kiazi chake mfukoni. Mkewe Ottilia akabaki na maharage sufuria nzima. Nyumba ambayo watu hawali, mabinti zake hawaolewi, na Egidi alikuwa nao watatu.

Ndiyo maana akamwalika Ignatio chakula cha jioni, Jumatano, Mbinga mjini, mgahawani kwa Mama Notburga. Meza nne, pazia la maua, na jiko la mkaa linalokupasha mgongo wakati baridi ya nje inasubiri masikio yako. Miaka yote wakileta kahawa mjini walikula hapo, na walikula sinia moja. Mpishi ni mtu mwingine, mashahidi wapo. Ignatio angekula, habari ingefika Mapera kabla yake.

Alikuja. Na kofia.

"Habari za siku, mlongo," Egidi akasema, yaani ndugu yangu.

"Nzuri. Za nyumbani?"

"Wanakusalimu."

Notburga akaleta ugali na mbufu wa Lituhi, samaki mkubwa, kichwa kinatazama dari. Akawanawisha. Kisha hakuna aliyenyoosha mkono.

Kwetu mwenye karamu huonja kwanza, mgeni aone ni salama. Hiyo ni kwa wageni. Rafiki hamwonjei rafiki. Ukimwonjea umekiri kwamba lipo la kuogopa. Wote wawili walilijua hilo. Meza nyingine nazo zililijua, maana ziliacha kutafuna.

"Karibu," Egidi akasema.

"Anza wewe."

"Tangu lini?"

"Anza tu, mlongo. Ugali unapoa."

Notburga alisimama, mikono kiunoni. "Samaki huyu amekufa mara moja, Lituhi. Msimuue mara ya pili kwa kumkodolea macho."

Egidi akamega tonge, akachovya, akala. Akamega upande wa Ignatio, akala. Akanyofoa samaki tumboni, mgongoni, shavuni, akanywa na mchuzi. Mwisho akafungua kinywa wazi, kama mtoto aliyelazimishwa kumeza klorokwini.

"Bado?"

Ignatio alikwisha kumega. Alilifinyanga tonge lile mpaka likawa duara zuri kuliko matonge yote ya wilaya. Halikupanda kinywani.

"Daktari aliandika taifodi," akasema. "Nimesoma mwenyewe."

"Basi kula."

"Daktari haji kulala Mapera. Mimi nalala na Hilda, ambaye alikwisha kuchagua kitenge cha kunizikia."

"Hilda hayupo hapa. Nakuuliza wewe. Niliweka kitu?"

"Hapana."

"Sema wasikie."

"Hapana, Egidi. Hukuweka." Akalitazama tonge. "Mkono ndio unakataa."

Akaliweka ukingoni mwa sinia, taratibu, kama mtu anayerudisha yai kiotani. Kisha akamwomba Notburga soda, na akamsihi asiifungulie jikoni.

Notburga aliifungulia mezani, akamwachia na kizibo chake. Mchuuzi mmoja wa Mapera aliyekaa karibu na mlango akaacha wali wake nusu akatoka. Alikuwa na habari ya kuwahisha. Egidi alimwona. Akalivuta sinia kwake, akala tonge baada ya tonge, chakula cha watu wawili, na lile la ukingoni pia, bila kumtazama mtu. Ignatio alikunywa mpaka chupa ikawa tupu, akavua kofia, akakaa nayo magotini.

Soda kwa Mama Notburga ilikuwa shilingi mia mbili, na kwa bei hiyo uliuzwa urafiki wa tangu darasa la kwanza.