Lita Tano za Kwenda Izigo na Kurudi

Pikapu ya marehemu baba ilikuwa inakula mafuta bila aibu, na kaka yangu alishapata mnunuzi. Mimi sikutaka iuzwe. Humo ndimo baba alimonifundisha kuendesha na kushika spana, na mama yetu alilitegemea gari hilo kwenda kwao Izigo. Tulibishana sebuleni kwetu Kitendaguro mpaka mama akachoka kutusikiliza. Mwisho kaka akatoa sharti: nikienda Izigo na kurudi kwa kidumu kimoja cha lita tano, gari libaki. Likizima njiani, anampigia mnunuzi. Alisema huku anacheka, na kicheko kile kiliniudhi kuliko sharti lenyewe.

Nilifungua boneti. Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi, chujio la hewa limejaa vumbi jekundu, matairi hayana upepo wa kutosha. Hayo niliyarekebisha, lakini moshi mweusi haukukoma. Ndipo nilipoiangalia choki ya kabureta, ile inayobana hewa na kuongeza mafuta ili injini baridi iwake. Asubuhi za mvua gari lilikuwa gumu kuwaka, basi baba aliivuta choki akaifunga kwa kamba ya mgomba. Tangu tumzike, hakuna aliyethubutu kuigusa kazi ya mkono wake. Kumbe muda wote huo tulikuwa tunachoma mafuta kwa heshima. Niliikata kamba kwa kisu cha jikoni, nikalia kidogo, kisha nikakaza skrubu ya kabureta mpaka injini ikatulia.

Tulikausha tangi, tukamimina kidumu chetu, kaka akaketi kando yangu kunilinda nisiongeze mafuta njiani. Izigo tulifika vizuri. Nilichosahau ni mama mkubwa, dada yake mama. Kwake mgeni haondoki mikono mitupu, na mimi nimemfikia na pikapu nzima. Nilimweleza habari ya sharti, kwamba mzigo utaongeza mafuta. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Mwana wange, dada yangu ale nini? Mafuta?"

Akapakia ebitoke, ndizi zetu za kupika, mkungu juu ya mkungu, na gunia la maharage. Kaka alimsaidia kwa bidii ambayo sijawahi kuiona shambani kwetu.

Kurudi sikukanyaga ovyo. Nilishika gia kubwa na mwendo mmoja, na kila penye mlima nilisali. Tulipofika Buhembe, karibu na nyumbani, injini ikakohoa. Kaka akatoa simu mfukoni. Gari likaendelea. Tuliingia uani nikipiga honi mpaka majirani wakatoka, na furaha niliyokuwa nayo sikutaka kuificha. Injini iliendelea kunguruma, nami kwa makusudi sikuizima.

Kaka alibaki kitini, kisha akampigia mnunuzi na kumwambia taratibu kwamba gari haliuzwi. Nikamtaka arudie kwa sauti, maana mama hakusikia. Akarudia.

Mama akaja, akafungua mlango wa upande wa kaka.

"Sasa shuka," akamwambia. "Hicho ni kiti changu."