Vifuniko vya Masikio Kutoka Mbamba Bay

Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, baba hakutaka tena kutegemea kahawa peke yake. Alinunua mashine ya kusaga iliyokwisha kutumika, akaifunga katika kibanda cha mabati kando ya barabara ya kuelekea Kigonsera. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kwenda chuo cha ualimu, na kazi yangu ikawa kumimina mahindi kwenye mdomo wa mashine. Injini ilikuwa ya dizeli. Mabati yaliurudisha mngurumo wake vichwani mwetu, na jioni tulirudi nyumbani weupe kwa unga, tukizungumza kama watu waliosimama ng'ambo mbili za bonde.

Haukupita muda mrefu watu wakaanza kumsema baba. Baada ya Misa vijana walimwamkia, naye akapita bila kuitikia. Kwetu, mtu mzima asiyepokea shikamoo huhukumiwa papo hapo, na hukumu ilikuwa kwamba mashine imempa majivuno. Mama aliyasikia hayo, akanyamaza. Alijua mumewe hana kiburi. Siku hizo kila alipozungumza naye alimwona akiitazama midomo yake.

Mimi ndiye niliyemfanya aache kunyamaza. Jioni moja jikoni aliniita akiwa nyuma yangu, kwa sauti yake ya kawaida, kisha akaita tena. Sikuitika "abee," kwa kuwa masikioni mwangu kulikuwa na mlio mwembamba ulionifuata kutoka mashineni, na sauti yake haikuupenya. Nilipogeuka nilimkuta ameshika mwiko, ananitazama kama anavyotazamwa mtoto mwenye homa.

"Mwalimu asiyesikia," alisema, "atamfundisha nani?"

Kesho yake aliteremka Mbamba Bay kwa kaka yake, mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa injini za boti ziwani. Alirudi na kikapu cha usipa wakavu, na juu ya samaki hao wadogo jozi mbili za vifuniko vya masikio, vile vigumu vyenye sponji ndani na utepe wa kupita juu ya kichwa. Mjomba alikuwa ametuma na maagizo: vivaliwe kabla injini haijawashwa, na anayetaka kuzungumza atoke nje, asiinue upande mmoja.

Nilivivaa vikiwa bado vinanuka samaki. Mama mmoja kwenye foleni aliuliza kama siku hizi mahindi husagwa kwa kusikiliza redio, na foleni nzima ikacheka. Baba alivikataa. Fundi, alisema, huijua mashine yake kwa sikio. Ikianza kuharibu unga, sauti ndiyo humwambia.

Mama alisogeza mdomo karibu na sikio lake. "Mashine unaweza kuigusa ukaijua. Watu wakikuamkia, utawagusa?"

Baba aliwasha injini bila kuvivaa. Lakini mama alikuwa ameona kikwazo kingine: wazee waliingia kibandani na kusimama nyuma yangu, nami sikuwaamkia kwa kuwa sikuwasikia. Majivuno ya baba yangeonekana yamerithiwa. Basi aliweka benchi nje, mbali kidogo na mlango, akatangaza kwamba mahindi yataachwa hapo. Mimi nilitoka, nikavua vifuniko, nikaamkia kila mtu, nikauliza kama anataka dona au mahindi yakobolewe kwanza, ndipo nikarudi ndani.

Asubuhi moja nilimkuta baba amevaa jozi yake. Kiganja kimoja kilikuwa kwenye bomba la kutolea unga, na vidole vya mkono wa pili vikiufikicha unga kupima ulaini na joto lake. Alipotoka kwenda kwenye benchi alivivua, akamtazama kijana aliyesimama mbele yake, akasema, "Marahaba, mwanangu," bila kupiga kelele. Usikivu uliokwisha potea haukumrudia. Ila watu walijifunza kumkabili wanapomsalimu, na yale maneno ya majivuno yakaisha.

Mlio wangu ulipungua kidogo kidogo, kisha ukaniacha. Nimefundisha miaka mingi tangu hapo, na mwanafunzi anayejibu kwa woga kutoka dawati la nyuma sijawahi kumwambia arudie kwa sababu ya masikio yangu.

Mama sasa ni mzee, na sauti yake imekonda. Nikienda kumtazama, huniita kutoka chumbani kwake, taratibu kabisa, na ninadhani wakati mwingine hana anachohitaji. Huwa naitika abee kabla hajamaliza jina langu.