Maji Niliyotilia Lensi za Bi Harusi

Kosa ni langu, wala sikusukumwa na mtu. Naandika haya bila machozi. Yameniishia, au hayakuwahi kuja, sijui.

Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Kyebando. Harusi zetu sisi Wanubi hazina mchezo: bi harusi asipong'aa, mpambaji ndiye anayesemwa. Siku hizi wanataka na macho ya rangi, basi nina lensi za kijivu ninazokodisha. Hizo hizo kwa wote. Hilo nalo kosa, lakini subirini.

Wiki ya harusi ya mdogo wangu, tumbo moja, dawa ya kuhifadhia lensi ikaniishia. Nikazitia kwenye maji ya tangi. Maji maangavu, ndiyo tunayopikia chai! Nani angeyaogopa?

Alipozivaa alipendeza, wallahi. Siku chache baadaye jicho la kulia likawa jekundu, kisha akawa hawezi kutazama hata mwanga wa dirishani. Nikampeleka kwa daktari wa macho, mama mkwe wake akatusindikiza.

“Nyabo, bibi,” daktari akaniuliza, “hizi lensi mulikuwa munaweka kwa maji gani?”

Mama mkwe akanigeukia. Nikaona aibu, nikaona wateja wakinikimbia.

“Si maji, daktari. Ni dawa yake.”

Akaniamini. Wiki tatu wakamtibu vijidudu vya kawaida, naye maumivu yakizidi. Walipokwangua jicho na kupima, ndipo wakakuta amiba, kijidudu kinachoishi kwenye maji na udongo. Ni nadra sana kuingia jichoni, daktari alisema, lakini lensi humfungulia njia. Hapo ndipo nikasema kweli.

“Ungesema ile siku ya kwanza, nyabo,” akajibu, akaendelea kuandika.

Jicho lile halioni tena. Mdogo wangu alikuwepo niliposema uongo, alinisikia. Hajawahi kuniuliza kwa nini. Huniambia tu, “Dada, nishike, hapa kuna ngazi.” Namshika. Moyoni sisikii kitu, na hilo ndilo linalonitisha.

Mnaovaa lensi, msiazimane, na maji yoyote yasiziguse, hata yakiwa safi namna gani. Na daktari akikuuliza, sema kweli, hata mkwe akiwa amekukodolea macho. Mimi ningesemwa mwezi mmoja, watu wakasahau. Mdogo wangu ana miaka ishirini na mbili.