Maombi Kabla ya Kidole

Nilianza kazi katika duka la vyombo vya nyumbani, nguo na vipodozi huko Westlands, Nairobi, Jumatatu ya kwanza ya Februari 2024, nikiwa mjane na mwanafunzi wa kidato cha pili. Mume wangu alifariki Jumanne ya pili ya Agosti 2016. Januari iliyofuata nilijiandikisha katika darasa la watu wazima, kwa kuwa niliona si vyema kukaa kwetu Mutuini, Dagoretti, nikihesabiwa na majirani kuwa mtu wa kuhurumiwa. Mtu akiniuliza mimi ni nani, hujibu kwamba mimi ni mwanafunzi. Ujane huusema baadaye, tena nikiulizwa.

Duka lilifunguliwa saa mbili asubuhi, nasi tuliajiriwa kuanzia saa hiyo hadi saa kumi na moja jioni. Ndivyo ilivyosemwa siku ya kuajiriwa, na ndivyo mashine ya kidole iliyokuwa ukutani karibu na stoo ilivyoamini. Ukibonyeza kidole saa mbili, umefika. Ukibonyeza dakika moja baadaye, jina lako huandikwa kwa rangi nyekundu na kupelekwa makao makuu hapo hapo, bila mtu yeyote kuguswa na maelezo yako.

Lakini sisi tulitakiwa kuwa ndani ya duka saa moja na robo. Shughuli ya kwanza ilikuwa kikao. Tulisimama duara kati ya sufuria na ndoo, mmoja akaomba, tukaimba pambio, kisha meneja akatupa neno la kututia moyo. Meneja huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shemasi katika kanisa lao, mwenye tai ya buluu na viatu vilivyong'aa kuliko sufuria zetu. Akimaliza neno, alipiga makofi.

"Mteja ni nani?"

"Ni mfalme!" tuliitika.

"Na sisi?"

"Ni familia!"

Baada ya hapo familia ilishika matambara na kufuta rafu, kwa sababu mfalme hapendi vumbi. Saa mbili ikikaribia, tulikimbilia mashine, tukabonyeza vidole, na kuanzia hapo ndipo ilipohesabiwa kwamba tumefika kazini.

Rafiki yangu pale dukani alikuwa keshia mmoja wa Mombasa, Mwislamu, mama mwenye ulimi mwepesi na mtandio uliopangwa vizuri. Wakati wa maombi yetu alisimama nasi, akafungua viganja vyake na kuomba ya kwake kimyakimya. Siku moja aliuliza, kwa upole kabisa, kama muda ule wa asubuhi ulihesabiwa popote.

"Hiyo si kazi, mama," meneja alimjibu. "Kazi inaanza saa mbili. Hii ni familia. Kwani mtu hulipwa kwa kukaa na familia yake?"

"Hapana, baba," akasema rafiki yangu. "Ila sisi kwetu, jamaa wakikuamsha alfajiri, angalau hukutilia chai."

Meneja alicheka, akasema hilo ni wazo zuri. Chai haikuletwa.

Asubuhi niliivumilia. Mtu aliyezaliwa Dagoretti huamka mapema apende asipende. Kama si kwa meneja, ni kwa ng'ombe. Kilichonitesa ni jioni. Saa kumi na moja tulibonyeza vidole, mashine ikatuaga, nasi tukapanga foleni mlango wa nyuma ili tupekuliwe. Wanaume walikuwa na mlinzi wao, ambaye aliwapapasa mifukoni na kuwaachilia kama mtu anayepukuta unga. Sisi wanawake, tuliokuwa wengi zaidi, tulikuwa na mlinzi mmoja tu, mama mpole kutoka Kakamega aliyeichukua kazi yake kwa uzito mkubwa. Miaka kadhaa kabla yangu, dada mmoja alikutwa na sabuni ya bei ghali ndani ya wigi. Tangu siku hiyo nywele zote zilikuwa washukiwa. Wasichana waliosukwa Kenyatta Market siku nzima ya Jumapili walilazimika Jumatatu kuinamisha vichwa, na mlinzi akavibonyeza polepole, hapa na pale, kama mtu anayechagua parachichi lililoiva.

"Auntie, taratibu, hii style ni ya jana tu!" alilia keshia mdogo, mwenye rasta nene zilizopangwa juu kama mnara.

"Pole, mamangu. Geuka kidogo. Na hapa nyuma kuna nini?"

"Kichwa, auntie! Hapo nyuma ni kichwa!"

Foleni haikufuata nani alitangulia. Ilifuata idara. Makeshia walikuwa wa kwanza kwa sababu walishika fedha, kisha vipodozi, kisha nguo, na mwisho kabisa sisi wa sufuria, labda kwa sababu hakuna aliyewahi kuficha sufuria kichwani. Katika idara ya sufuria mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Nikawa wa mwisho kila jioni. Na aliyekuwa wa mwisho alikuwa na jukumu moja zaidi, ambalo hakuna aliyenieleza siku ya kuajiriwa: mlinzi naye ilibidi apekuliwe kabla hajaondoka, na mwanamume hangeweza kumgusa. Kwa hiyo, nikisha kupekuliwa mimi, yule mama aliinua mikono, nami nikampekua yeye. Tulifahamiana kuliko wifi na wifi. Nilijua anakopachika kitambaa chake cha pua, naye alijua kwamba mgongo wangu hauna raha siku za baridi.

Darasa langu lilianza saa kumi na mbili jioni, katika jengo moja la ghorofa katikati ya jiji. Mwalimu alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wangu, lakini alikuwa na msimamo. Viti vilikuwa vichache na watu wa kuvitaka walikuwa wengi. Baadhi yao walisimama koridoni wakisikiliza somo kupitia dirishani. Kwa miezi minne niliwahi kwa kukimbia, lakini Jumatatu na Jumanne za juma la pili la Juni nilichelewa. Jumatano nilichelewa tena, nikiwa nahema, na mwalimu akanipeleka kando.

"Mama, nakuheshimu kama mzazi wangu," alisema. "Lakini yule bwana pale nje amesimama tangu Aprili. Ukichelewa kesho, itabidi kiti nimpe yeye."

Nilimtazama yule bwana. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni mwa shati na sura ya mtu aliyekwisha kuchagua atakapoketi.

Sikutaka kumsihi mwalimu. Sijasihi mtu tangu nimzike mume wangu, na sikuona kwa nini nianze na mtoto wa watu. Niliona heri nizungumze na mwajiri. Nilimpata meneja siku hiyo hiyo kwa simu, akiwa njiani kwenda nyumbani, nikamweleza: ama tupekuliwe kabla ya saa kumi na moja, ama aongezwe mlinzi wa kike, kwani la sivyo nitapoteza masomo yangu.

"Mama, mambo ya usalama siwezi kuyajadili na mtu mmoja mmoja," alisema. "Hayo usiyabebe moyoni. Mwachie Mungu."

Nilimshukuru, nikakata simu. Kisha nikakumbuka kwamba kesho yake, Alhamisi, zamu ya kuongoza maombi ilikuwa ya idara ya sufuria.

Ni vyema nieleze, kwa msomaji ambaye hajafanya kazi katika maduka yetu, kwamba maombi hayakatizwi. Unaweza kumkatiza meneja, mteja, hata mkurugenzi akitoa hotuba. Mtu akifumba macho na kusema "Baba wa mbinguni," hakuna wa kumgusa bega, na akiwa mjane mwenye mvi ndiyo kabisa. Meneja, kwa kuwa alikuwa shemasi, aliijua sheria hii kuliko sisi sote.

Niliinamisha kichwa saa moja na nusu. Nilianza kwa shukrani, kama ipasavyo. Nilishukuru kwa usingizi, kwa kuamka, kwa barabara, kwa rafu za vioo na za plastiki. Niliwaombea wateja, wanaolipa na wanaoshikashika tu. Nilikuwa na sauti ya darasani, iliyonyooka, nami sikuona haja ya kukimbia. Niliwaombea makeshia, mmoja mmoja, na watoto wao. Nikafika kwa mlinzi wetu.

"Baba," nikasema, "mwangalie mja wako huyu wa mlangoni. Mikono yake ni miwili tu na vichwa ni vingi. Wewe uliyezihesabu nywele zetu, unajua kazi hiyo ilivyo nzito, naye anaifanya jioni baada ya mashine kutuambia twende nyumbani."

"Amina," akasema mlinzi, kwa hisia.

"Amina!" wakasema makeshia, kwa hisia zaidi.

"Jana nilimwendea meneja wetu na mzigo huu, naye kwa hekima yake akanituma Kwako. Nimekuja, Baba. Sina haraka."

Nilisikia funguo zikicheza mfukoni mwa meneja. Duka zima lilifunguliwa kwa funguo hizo. Nje ya mlango wa chuma mteja aligonga; kisha wakagonga wawili.

"Amina!" akasema meneja kwa sauti kubwa, sauti ya mtu anayefunga maombi.

"Amina!" wakaitika wote, wakidhani ananitia moyo.

"Na tena, Baba," nikaendelea.

Rafiki yangu wa Mombasa alikuwa kando yangu, viganja wazi. "Endelea, bibi," alininong'oneza. "Usikate sasa, utaharibu."

Niliiombea mashine ya kidole, ili ijifunze huruma. Niliwaombea wanafunzi wote wanaofika darasani wakihema, na bwana mmoja mwenye kalamu mbili, ambaye hana kosa lolote. Kufikia hapo keshia mdogo alikuwa ameanzisha pambio kwa sauti ya chini, na watu wakashika nafasi zao kana kwamba tumefanya mazoezi. Niliposema amina ya mwisho na kufumbua macho, saa ya ukutani ilikuwa imepita saa mbili kwa robo nzima. Meneja ndiye aliyefika kwenye mashine kwanza. Jina lake likatoka jekundu, la kwanza kabisa, na yetu yakafuata nyuma yake kama msafara wa arusi.

"Shosh, hiyo maombi ni noma!" alisema keshia mdogo, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Mimi si shosh wako, wala si nyanya yako," nikamwambia. "Nenda ufungue kaunta."

Makao makuu walimpigia meneja simu kabla hajafika ofisini. Aliponiita, tai yake ilikuwa imelegea.

"Mama, pale ulikuwa unaomba ama ulikuwa unanishtaki?"

"Nilikuwa namwachia Mungu, baba, kama ulivyoniagiza. Na kama hajanisikia, nimebadilishana zamu na wenzangu. Kesho nitaomba mimi tena."

Alikuna shingo. Kisha akainama mbele, kama mtu anayetoa siri.

"Sikiza. Leo saa kumi na moja ikifika, pita tu mlango wa mbele, na wateja. Wewe peke yako. Sitaona kitu."

Nakiri ilinivutia. Nililiona darasa, nikakiona kiti. Lakini nilimwona pia yule mama wa Kakamega amesimama mlango wa nyuma, mikono juu, akingoja.

"Siwezi," nikasema. "Na mlinzi apekuliwe na nani?"

"Mlinzi hupekuliwa?"

"Kila jioni. Na mimi."

Meneja aliikaza tai yake. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaza ni nini hutokea nyuma ya mlango ule baada ya yeye kupanda gari lake.

"Sawa," akasema hatimaye. "Kupekuliwa kutaanza saa kumi na nusu, idara moja moja, kazi ikiendelea. Anayebonyeza kidole anaenda zake. Na hayo maombi..." Aliitazama simu yake. "Maombi yatakuwa baada ya mashine. Mafupi, mama. Nakuomba kama mwanao."

Saa kumi na nusu jioni mpango mpya ulianza, nami nilikuwa bado wa mwisho. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kiti changu kiko hatarini, hivyo wasichana walifika kwa mlinzi vichwa vikiwa vimekwisha kuinama. Keshia mdogo alikuja amefumua mnara wake wote, rasta zikimwangukia usoni.

"Sasa utazisuka tena lini?" mlinzi akamuuliza.

"Jumapili, auntie. Fanya haraka, shosh ana darasa."

Sikumsahihisha. Nilipekuliwa, nikampekua mlinzi, kitambaa chake cha pua kikiwa mahali pake pa siku zote. Tukabonyeza vidole pamoja. Aliniaga akicheka: "Kimbia, mwanafunzi."

Nilifika saa kumi na mbili kasoro kidogo, mwalimu akifuta ubao. Yule bwana alikuwa ameketi kitini pangu, kalamu moja tayari mkononi. Nilisimama kando yake, nikauweka mkoba wangu juu ya dawati, nikangoja. Aliitazama saa yake, akamtazama mwalimu. Mwalimu akamtikisia kichwa kumkatalia.

"Na kesho je, mama?" bwana akaniuliza alipokuwa akiinuka.

"Kesho ni Ijumaa," nikamjibu. "Nitafika mapema zaidi ya leo."

Akarudi koridoni. Mwalimu alipogeuka kuandika kichwa cha somo, nilisogeza kiti changu karibu na ukuta, nikamwashiria bwana kwa kidole aingie, aje kwenye dawati langu. Kiti kilikuwa kimoja, lakini dawati lilikuwa refu, na mtu aliyesimama tangu Aprili huweza kuandika hata akiwa ameegemea.