Siku Nne za Kugombana na Furushi la Zamani

Saa mbili na robo asubuhi. Mama Mafurushi anavua viatu, anavisukuma chini ya meza na kuwasha kompyuta. Kikombe cha chai anakiweka mbali na kibodi. Adabu hiyo ameipata baada ya kuua kibodi mbili.

Kwenye skrini kuna jina la mtoto wa majaribio, uzito wake, na chini yake kisanduku cheupe pee. Humo ndimo mchoro wa ukuaji wa mtoto unamotakiwa kuonekana.

"Leo mmoja wetu ataondoka hapa," anakiambia kisanduku.

Bosi wake amempa mpaka saa sita mchana. Mchoro usipotokea, utaondolewa kwenye mfumo, na wauguzi wa kliniki za watoto wataendelea kuchora kwa penseli, mtoto mmoja karatasi moja. Mmoja wa wauguzi hao ni shangazi yake.

Kabla ya kuandika programu, alichapa barua za watu dukani kwa miaka sita, akijifunza kazi hii mteja mmoja akitoka na mwingine hajaingia. Aliomba kazi ofisi tisa. Nane zilikaa kimya. Ya tisa ilimwita ikidhani anataka kazi ya mapokezi.

"Nikapokea simu miezi mitatu, halafu nikarekebisha tovuti yao bila kuulizwa," anasema. "Siku ya kwanza walinuna. Ya pili wakanipa meza."

Jina la utani limetokana na zana anayoitumia. Inapowashwa, zana hiyo huchukua vifaili vilivyoandikwa na watu wengine na kuvifunga furushi moja, ili kivinjari kisihangaike kuviokota kimoja kimoja. Maktaba ya programu inayochora ukuaji ina vifaili 613. Kumi na kimoja ni vya mtindo wa kizamani, na zana haijui kuvisoma.

Ndiyo maana akaandika programu-jalizi, kijiprogramu kinachosimama mlangoni wakati wa kufunga na kuieleza zana: hiki soma hivi, kile soma vile. Mara ya kwanza kilikosea, kikapitisha vifaili vikiwa vitupu. Jumatatu akakirekebisha. Kisanduku kikabaki cheupe. Jumanne akarekebisha marekebisho. Jumatano akayafumua yote. Jana hakumwambia mtu alichofanya.

Saa tatu na nusu simu inaita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mchoro wangu umefika, au nichonge penseli?"

"Chonga kidogo tu, shangazi."

"Kidogo! Nina watoto arobaini kwenye benchi na wote wanalia. Hivi hiyo mashine yako inakusikia kweli unapoongea nayo?"

Mama Mafurushi anacheka, anakata simu, kisha kicheko kinamkauka. Inamsikia kweli?

Anaandika amri moja katikati ya programu-jalizi: ukifika hapa, zima kila kitu. Anawasha zana. Hakizimiki kitu. Kila kitu kinaendelea kwa raha zake.

"Ala!" anasema kwa sauti, mpaka mhasibu wa meza ya jirani anageuka. "Kumbe siku zote nilikuwa naongea na ukuta!"

Zana ilikuwa haifungi tena. Huwa inaweka furushi kwenye akiba, na kulitoa tena ikiona mipangilio ni ileile. Yeye alibadilisha maneno ndani ya programu-jalizi, lakini jina la hiyo programu-jalizi hakuligusa. Zana ikatazama jina, ikaona ni lilelile, ikampa furushi lile bovu la mwanzo. Siku nne.

Anafuta ile amri, anafuta folda ya akiba, anawasha upya. Sekunde kumi na tisa. Mstari wa kijani unapanda ndani ya kisanduku, taratibu, kama mtoto anayeongezeka uzito.

Ni saa nne kasoro robo. Marekebisho ya Jumatatu yalikuwa sahihi tangu Jumatatu.

Bosi anakuja, anatazama, anasema, "Mbona rahisi?" Mama Mafurushi anamtazama mpaka anaondoka mwenyewe.

Sasa anapanga kuifanya programu-jalizi ibadilishe jina lake yenyewe kila inapoguswa, kisha aigawe bure kwa yeyote mwenye maktaba kongwe kama yake. "Kuna mtu mahali fulani yuko siku ya pili," anasema. "Nataka nimwahi kabla ya siku ya tatu."

Kisha anampigia shangazi.

"Weka penseli chini, shangazi."

"Niiweke wapi? Nimeishika miaka ishirini na sita."

"Niletee mimi Jumapili. Nina kitu cha kuandika ukutani, juu ya hii kompyuta: futa akiba kwanza."