Mstari Alioukata Baba Mkubwa

Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa, Babati ilijaa wageni wa maofisini, na chumba chetu cha uani pale Maisaka kikapata mpangaji, karani. Ndiye aliyeniazima kitabu cha Kiingereza kutoka visiwa vya Karibiani, kisicho na jalada. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, basi nikawa namsimulia mama kwa Kiswahili tukipukuchua mahindi.

Humo familia moja inamfungia binti yao chumbani kwa miaka, huku majirani wakiambiwa amesafiri. Mimi niliona ni mambo ya mbali. Mama akaacha kupukuchua.

“Na mimi walisema nimekwenda Mbulu kusalimia,” akasema. “Sikwenda popote. Nilikuwa hapo hapo kijijini Sigino, ndani.”

Mtoto wake wa kwanza, kaka yangu ambaye sikuwahi hata kumsikia, alifariki kabla hajaota meno. Kwa mila ya Wairaqw wa zamani, mama aliyefiwa na mtoto alikuwa na mkosi. Wakamweka metimani, yaani wakamtenga. Asikanyage shamba la mtu, asichote maji na wenzake, chombo chake kisiguswe na mwingine. Miezi minane! Mtu amefiwa, na badala ya kupewa pole anakimbiwa. Nilikasirika, tena nilijikasirikia mwenyewe, maana machozi yangu nilikuwa nimeyamalizia kwa binti wa kitabuni.

Kilichozidi kuniudhi ni kwamba mwaka ule ule baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, alikuwa amenipa daftari niandike historia ya ukoo, niisome kwenye kikao cha familia. Alihofia kwamba wageni wakizidi, watoto watasahau walikotoka. Akanitajia wanaume watupu na ng’ombe wao. Dume moja jekundu lilipata mistari minne, mama yangu hakupata hata nusu. Nikauongeza mimi mwenyewe mstari wake: mama alizaa mtoto wa kiume, mtoto akafariki, mama akafungiwa ndani miezi minane.

Baba mkubwa alikuja nyumbani kukagua. Mbele ya mama akaomba rula na kalamu nyekundu, akaukata mstari ule.

“Mwanangu, aibu ya nyumba haianikwi.”

“Aibu ya nani, baba mkubwa?”

“Utasoma nilichokiacha.”

Siku ya kikao nikasimama, nikasoma wanaume na ng’ombe wao. Nilipofika penye wino mwekundu, nikaruka. Ndiyo, mimi niliyejifanya mkali kwa wiki nzima, niliruka, nikaendelea na lile dume.

Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake. Hajui kusoma, lakini aliijua hadithi yake na akajua haijasomwa. Akainuka.

“Shikamoo, shemeji,” akamwamkia kwanza baba mkubwa, kwa adabu zake zote.

“Marahaba.”

Halafu akanigeukia mimi. “Rudi pale alipokata. Yule ni mwanangu.”

Baba mkubwa akakohoa. Sikumwangalia. Wino ulikuwa umepita katikati ya maneno, lakini yalisomeka yote, nami nikayasoma taratibu mpaka mwisho. Mama alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaangua kilio kikubwa, kilio cha msiba, na hakuna aliyeinuka kuondoka.