Mikono Yangu Ilinuka Maiti, Maji ya Kitangari Hayakutosha

Mjukuu wangu Somoe nilimkuta nyuma ya jiko anajisugua viganja kwa mchanga mpaka damu inatoka.

"Wee! Unafanya nini?"

"Nanawa, bibi. Bado inanuka."

Ana miaka minne.

Maneno yale yalikuwa yangu. Kayaokota kwangu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkasema bibi kachanganyikiwa. Ingawa walishasema.

Mimi naosha maiti hapa Kitangari. Mwanamke akifa, naitwa. Kazi nimeirithi kwa mama na sijawahi kuiogopa.

Sasa kuna bibi mmoja alikuwa anaishi peke yake, akafia ndani. Mpaka watu wanakuja kugundua, jua lilishafanya kazi yake. Ukifika uwanjani tu pua inakataa.

Tuliingia wanne. Wenzangu wakatoka mmoja mmoja. Wa mwisho Mama Nurdin, katapikia mlangoni, kakimbia kaacha na kandambili.

Nikabaki na marehemu wangu. Nikamwosha taratibu kama ninavyoosha kila mtu. Funza walikuwepo, nikawatoa. Akaenda kwa Mola wake msafi.

Baadaye ndo harufu ikahamia kwangu. Mikononi.

Nanawa, inanuka. Sabuni ya mche, majivu, ndimu, mafuta ya taa. Inanuka! Tonge likikaribia mdomo, nalirudisha sahanini. Nikaanza kula ugali kwa kijiko, mimi!

Na maji ya huku si ya kuchezea. Ndoo unaijua kwa shingo. Mimi namwaga pipa zima kwenye mikono miwili.

Somoe nikaacha kumbeba. Sahani yake namsogezea kwa mguu, kama paka.

Baba yake ni mwanangu Abuu, bodaboda wa Masasi. Alipokuja akaviona viganja vya binti yake, hata chai hakunywa.

"Mama, msimu wa korosho ukiisha namchukua mwanangu."

"Utamwacha na nani, wewe unashinda barabarani?"

"Yeyote. Hapa atakuwa kichaa." Akainama. "Labda upone."

Labda upone! Kama mafua.

Majirani walisema marehemu kaning'ang'ania. Mganga mmoja akanipa kitu nijipake, sitakitaja hapa, eti uchafu unafukuzwa na uchafu. Ptuu! Nilikitupa chooni, na choo nikakionea huruma.

Mwisho Abuu akanipeleka Ndanda, hospitali ya misheni. Nikajua napewa dawa ya mikono. Nikaingizwa chumba chenye viti viwili na binti wa Moshi, anaitwa Sia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Dawa iko wapi?"

"Tutaanza kwa kuongea."

"Nauli yote hii nije kuongea? Kitangari hakuna watu?"

"Wapo. Umewaambia?"

Nikaanza kufunga kanga yangu niondoke.

Ila kitu kimoja nilikiona. Alinishika mkono, na pua hakuiziba.

Akanipa kazi ya nyumbani. Nishike bibo, lile tunda la korosho, lililooza, halafu nikae bila kunawa mpaka maharage yaive. Mara ya kwanza nilidanganya, nikajifutia kanga. Mara ya pili nilikalia mikono yangu nikalia kama mtoto, yale maharage magumu kama kokoto.

Nikawa naenda, narudi. Siku moja Sia akaniuliza, "Bibi, ulipomaliza kuosha siku ile, ulisikia harufu mikononi?"

"Hapana. Nilinawa nikanywa uji wangu vizuri tu."

"Sasa ilianza lini?"

Nikafikiri.

Ilianza kwenye hitima ya yule bibi. Nilinyoosha mkono nichukue mwiko nipakue wali. Mama Nurdin akapaza sauti mbele ya watu wote:

"Mama Abuu asishike mwiko! Mnataka tule funza?"

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jamani. Harufu haikutoka kwa maiti. Ilitoka kinywani mwa mtu aliyekimbia akaacha kandambili.

Kinyaa nilichokisikia pale! Na safari hii si cha mikono yangu.

Sikupona siku hiyo, msidanganywe. Sia aliniambia harufu itarudi, nisilikimbilie pipa. Ikarudi. Sikukimbia. Ikawa inakuja imechoka.

Mwezi uliopita mama yake Mama Nurdin akafariki. Nikaitwa.

Nikaenda. Nikamwosha. Mama Nurdin aliishia mlangoni. Mama yake mwenyewe!

Siku ya hitima nikaushika mwiko. Wanawake wakageuka kunitazama. Korosho zilishaisha, na Abuu alikuwa pembeni kaegemea pikipiki, kaja kumchukua mtoto.

Nikampakata Somoe. Nikamega tonge la wali kwa vidole vyangu hivi, nikamtia mdomoni. Harufu ikanijia. Nikaiacha. Mtoto akatafuna, akapanua mdomo tena.

Ikafika zamu ya Mama Nurdin. Macho yake kwenye mkono wangu.

"Nikupakulie, au unaogopa funza?"

Akasogeza sahani. "Nipakulie, Mama Abuu."

Alikula. Tena akaomba ukoko.

Abuu aliwasha pikipiki akarudi Masasi peke yake.

Ndugu zangu, mtu akifanya kazi uliyoikimbia, mpe mwiko apakue. Na wewe unayesugua kitu hakitoki, nenda hospitali uulizie chumba cha kuongea. Mimi nilimaliza mapipa, na uchafu wenyewe haukuwa wangu.